Jeraha la Kichwa Haliishii Siku ya Kuanguka: Niliyojifunza kwa Kumuuguza Baba

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mzee aliyeanguka na kugonga kichwa, akainuka mwenyewe, akasema hana neno, na sasa jamaa wanajadiliana kama kuna haja ya kumpeleka hospitali. Naandika pia kwa ajili ya wazazi, kwa sababu baada ya ugonjwa wa baba yangu nilikabiliwa tena na swali hilohilo kwa mtoto wa dada yangu, na jibu lake halikuwa sawa na la kwanza. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona, niliyoelezwa na waliomtibu baba, na niliyoyahakiki baadaye katika miongozo ya kitabibu.

Baba alikuwa amevuka umri wa miaka 70 na alikuwa akitumia warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, kwa sababu mapigo ya moyo wake hayakuwa na mpangilio. Aliteleza bafuni akagonga kichwa upande wa kulia, juu kidogo ya sikio. Hakuzirai, hakutapika, alikumbuka kila kitu, na nundu iliyomtoka haikuwa kubwa. Siku ileile tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakasafisha mchubuko, wakapiga picha ya eksirei, wakatuambia kwamba mfupa wa fuvu haukuvunjika, wakampa ibuprofeni ya kutuliza maumivu, nasi tukarudi nyumbani tukishukuru.

Nimeitafakari ziara hiyo fupi mara nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale tuliyokuja kuyajua kwa uchungu ingeweza kusemwa pale pale. Hakuna aliyeuliza baba anatumia dawa gani, na sisi tulijibu tulichoulizwa tu, yaani alivyoanguka na mahali panapouma. Leo ningeitaja warfarini kabla ya kutaja bafu. Mtu anayetumia dawa za aina hiyo, iwe warfarini au zile mpya zaidi kama rivaroksabani na apiksabani, yuko katika kundi lake peke yake hata akiwa na uso mkunjufu na maneno yaliyonyooka: mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unawataka madaktari wafikirie kumpiga picha ya CT ya kichwa, yaani picha ya mashine inayoonyesha ubongo na damu iliyovuja ndani ya fuvu, ndani ya saa 8 tangu aumie, hata kama hana dalili nyingine yoyote. Kwa hiyo, kwa mgonjwa wa namna hiyo, swali la kwenda au kutokwenda hospitali halipo. Anakwenda, tena anakwenda mahali penye mashine ya CT.

Kuhusu eksirei, ilitupa utulivu ambao haikuwa na uwezo wa kuutoa. Picha ile huonyesha mfupa. Haionyeshi ubongo wala damu iliyovuja ndani ya fuvu, na mtu anaweza kuvuja damu ndani bila ufa wowote kwenye mfupa. Nayo ibuprofeni, kama ilivyo aspirini, hupunguza uwezo wa damu kuganda, na ikichanganywa na warfarini hatari huongezeka. Daktari aliyempokea baba baadaye alitueleza kwamba dawa ya maumivu inayofaa baada ya kuumia kichwa ni parasetamoli, na kwamba maumivu yanayozidi licha ya parasetamoli ni sababu ya kurudi hospitali, si sababu ya kutafuta dawa kali zaidi.

Lakini kilichokosekana zaidi siku ile kilikuwa karatasi moja yenye maelekezo. Hakuna aliyetuambia tuangalie nini, kwa muda gani, na tukione tufanye nini. Tulihesabu siku chache za kwanza kwa makini yetu wenyewe, tukaona baba anakula, anazungumza na kutembea, tukalifunga jambo hilo.

Wiki kadhaa baadaye alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Asubuhi alilalamika kichwa kinamuuma, kikipoa kadiri siku ilivyosonga. Vifungo vya shati vilianza kumshinda. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, kiasi kwamba kandambili ya upande huo ilikuwa ikimtoka. Alirudia swali aliloliuliza muda si mrefu uliopita, na alipokumbushwa alikasirika, yeye ambaye hakuwa mtu wa hasira. Kila moja ya dalili hizi ilipata maelezo yake nyumbani: uzee, usingizi mbaya, shinikizo la damu, viatu vilivyochakaa. Hakuna aliyeziweka pamoja, na hakuna aliyezihusisha na bafuni, maana nundu ilikuwa imekwisha kupona na eksirei ilikuwa safi.

Aliyeziunganisha ni dada yangu, ambaye hakuwa amemwona baba tangu kabla hajaanguka. Alipomwona akivuka ukumbi alisema papo hapo kwamba mzee anaburuta mguu. Sisi tuliokuwa naye kila siku tulikuwa tumeyazoea mabadiliko yake kidogo kidogo. Tangu hapo huwashauri watu wamrekodi mgonjwa video fupi mwanzoni, akitembea na kuzungumza, ili baadaye wawe na cha kulinganisha badala ya kutegemea kumbukumbu. Na wakiweza, wamwite mtu asiyemwona kila siku aje amtazame.

Baba mwenyewe alikataa kwenda. Alisema yeye ni mzima na hataki kusumbua watu kwa ajili ya kichwa kilichopona. Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa tumelelewa kumsikiliza mzazi, na kumpinga baba juu ya mwili wake mwenyewe kulituuma. Lakini kiungo kilichoumia ndicho kinachotumiwa kuamua kama kimeumia. Mtu aliyegonga kichwa hawezi kuachiwa hukumu hiyo peke yake, hata akiwa msomi, hata akiwa na sauti ya kujiamini. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada, mwezi Machi 2009. Alijisikia vizuri mwanzoni akakataa msaada wa kitabibu, na siku mbili baadaye alifariki kutokana na damu iliyovuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Katika uvujaji wa aina hiyo mshipa wa ateri, yaani ule unaotoa damu moyoni, huwa umechanika, mara nyingi pembeni mwa kichwa ambako mfupa ni mwembamba, na mgonjwa anaweza kuwa na kipindi cha kuwa sawa kabisa kabla hajadhoofika ghafla. Kipindi hicho ndicho huwadanganya watu, kwa kuwa hudumu kwa dakika au saa, na ndani yake mgonjwa huwahakikishia wote kwamba hana shida.

Dada alimwambia, "Baba, twende kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili yako," naye akakubali. Sijui kama maneno hayo yatamfaa mtu mwingine, lakini kwetu yalifanya kazi ambayo hoja hazikuifanya.

Hospitali ya pili ilikuwa na chumba cha dharura na mashine ya CT. Swali la kwanza la daktari lilihusu dawa. La pili lilikuwa kama kumekuwa na kuanguka kokote, hata kudogo, katika wiki au miezi iliyopita. Alimpima kwa kipimo cha fahamu kilichoasisiwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambacho huangalia mambo matatu: namna macho yanavyofunguka, namna mtu anavyojibu kwa maneno, na namna viungo vinavyoitikia amri. Jumla ya juu kabisa ni 15 na ya chini kabisa ni 3. Baba alipata 14, kwa sababu alikosea mwezi tuliokuwa nao, ingawa mengine yote aliyafanya sawasawa. Mimi niliyeketi pembeni nilidhani alama 14 kati ya 15 ni habari njema, hadi daktari alipoeleza kwamba mtu aliyekuwa na 15 akishuka hata alama moja baada ya kuumia kichwa, hilo ni jambo la kuchunguzwa mara moja.

Picha ilionyesha damu iliyovilia upande wa kulia, umbo lake kama mwezi mwandamo, kati ya utando mgumu wa nje na ubongo wenyewe. Kadiri mtu anavyozeeka ubongo husinyaa kidogo, na vishipa vya vena, vinavyorudisha damu moyoni, vinavyopita kati ya ubongo na utando huo huvutika. Pigo dogo tu laweza kuvichana, na damu ya vena huvuja polepole, tena kwa mtu mwenye nafasi ya ziada ndani ya fuvu haibani ubongo mara moja. Inaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi kabla dalili hazijajitokeza. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili, mguu wa kushoto wa baba ulikuwa ukisema ukweli muda wote ule.

Nilimuuliza daktari swali lililokuwa likinitesa: kama angepigwa CT siku ya kwanza, je, haya yote yangeepukwa? Alijibu kwa uaminifu ambao ninamshukuru nao. Alisema huenda damu ingeonekana, na huenda picha ingekuwa safi, kwa sababu uvujaji wa namna ile huweza kuanza kidogo mno au kuchelewa. CT safi ya siku ya kwanza hupunguza hatari sana, ila kwa mzee anayetumia warfarini haiifuti. Kwa hiyo kinachomlinda mgonjwa ni vitu viwili kwa pamoja, uchunguzi wa mapema na macho ya watu wa nyumbani katika wiki zinazofuata, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Tangu nisikie maneno hayo nimeacha kufikiri juu ya jeraha la kichwa kama tukio la siku moja. Swali langu sasa huwa moja: mtu huyu anabadilika, na anaelekea wapi?

Kabla ya upasuaji ilibidi nguvu ya warfarini ivunjwe. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba damu yake ilikuwa ikichelewa kuganda kupita kiwango alichopangiwa, akapewa vitamini K na dawa nyingine za kurudisha uwezo wa damu kuganda. Kisha daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo alitoboa matundu mawili kwenye fuvu, akaiosha damu ile iliyokwisha kuwa nyepesi na nyeusi, na kuacha mrija wa kutolea masalia. Mguu ulirejea upesi, kiasi cha kutushangaza. Kumbukumbu ilichukua muda mrefu zaidi, na kwa wiki nyingi aliendelea kuchoka haraka. Tulionywa kwamba kwa baadhi ya wagonjwa damu hujikusanya tena, hivyo kuangalia kulianza upya.

Gharama zilituelemea. Kulikuwa na picha za CT za kurudia, upasuaji, siku za wadi, dawa, na kazi zilizosimama kwa sababu mtu mmoja alilazimika kukaa naye usiku na mwingine mchana. Ndugu walichangishana na bado tulibaki na deni. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi huahirisha hospitali kwa kuogopa gharama, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini mgonjwa anayefika akiwa bado anatembea hutibiwa kwa urahisi zaidi kuliko anayefika akiwa hajitambui.

Wakati wa kuruhusiwa, muuguzi alitupatia ile karatasi tuliyoikosa mwanzoni, akaisoma pamoja nasi mstari kwa mstari. Nitaeleza yaliyomo kwa namna nilivyoyaelewa, nikianza na yale yasiyosubiri hata dakika. Mtu aliyegonga kichwa akapoteza fahamu, hata kama ameamka, anayeshindwa kuamshwa au anayesinzia isivyo kawaida wakati anapopaswa kuwa macho, anayepata degedege, anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka au kutowatambua watu, ambaye mkono, mguu au upande wa uso umelegea au umekufa ganzi, ambaye mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine au anaona vitu viwili viwili, ambaye kichwa kinamuuma kwa kuzidi, ambaye ametapika zaidi ya mara moja: huyu apelekwe chumba cha dharura sasa hivi. Vivyo hivyo yule anayetokwa na majimaji meupe kama maji, au damu, puani au sikioni, au aliyepata weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio bila kupigwa mahali hapo, kwa sababu hizo ni dalili za ufa katika kitako cha fuvu. Majimaji hayo yasizibwe kwa pamba, na mgonjwa asipenge kamasi. Ikiwa shingo inauma, au ameanguka kutoka juu, au amegongwa na chombo cha moto, asiinuliwe wala kugeuzwa shingo hadi waje wenye ujuzi, isipokuwa pale alipo pana hatari ya kumuua.

Kundi la pili ni la wale wanaopaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo hata wakiwa hawana dalili kali: wenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda au wenye magonjwa ya damu kutoganda, watu wa miaka 65 na kuendelea, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa ubongo, wasiokumbuka yaliyotokea kabla au baada ya pigo, na wale walioanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita moja au ngazi tano. Namwongeza hapa mtu aliyekuwa amelewa, kwa sababu ulevi huficha dalili zilezile tunazozitafuta, na wengi wamelazwa "walale pombe ziwatoke" huku damu ikiwabana ubongo. Mtu asiyekuwa na wa kukaa naye nyumbani usiku huo naye asirudishwe peke yake.

Kundi la tatu, ambalo kwa kweli ni la wengi, ni la wale waliogonga kichwa kidogo, hawakupoteza fahamu, wana nundu, maumivu mepesi na pengine kichefuchefu kidogo. Hawa wanaweza kuangaliwa nyumbani, mradi kuna mtu mzima wa kukaa nao kwa saa 24 za kwanza na njia ya kuwafikisha hospitali.

Mtoto wa dada yangu alikuwa wa kundi hili. Alikuwa na umri wa miaka minne alipoanguka kutoka kitandani na kugonga paji la uso sakafuni. Alilia papo hapo, akatoka nundu, na baada ya muda akatapika mara moja. Mama yake, ambaye alikuwa ameona yaliyompata baba, alitaka apigwe CT palepale. Tulimpigia daktari simu, akatuuliza maswali yaliyonyooka: alizirai? Analia na kunyamaza kama kawaida yake? Anacheza? Nundu iko wapi? Ametapika mara ngapi? Kwa mtoto, kutapika mara tatu au zaidi ndiko kunakotia wasiwasi mkubwa, na nundu ya paji la uso ina uzito mdogo kuliko uvimbe laini pembeni au nyuma ya kichwa. CT nayo hutumia mionzi, ambayo mwili wa mtoto unadhurika nayo zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo haipigwi kwa ajili ya kumtuliza mzazi. Daktari alituambia tumwangalie nyumbani, na akasema wazi kwamba kama mtoto angekuwa na umri chini ya miaka miwili angetaka kumwona kwa macho, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma na dalili zake hujificha katika kukataa kunyonya, kulia kusikobembelezeka au kulegea.

Usiku ulipofika bibi wa mtoto aliagiza asiachwe alale. Imani hiyo imeenea, nami naelewa inakotoka, lakini mtu ambaye yuko sawa na anasinzia kwa sababu ni wakati wake wa kulala anaruhusiwa kulala. Kumnyima usingizi kunamchosha na kuzivuruga dalili. Tulifanya kama tulivyoelekezwa: tulimwamsha kila baada ya saa chache usiku ule wa kwanza, tukahakikisha anafungua macho, anamtambua mama yake na kuisukuma mikono yetu kwa hasira yake ya kawaida, kisha tukamwacha aendelee. Asubuhi alikuwa mzima.

Hata pasipo damu iliyovuja, ubongo huweza kuwa umetikisika, na mtikisiko hauonekani kwenye CT. Mtu hubaki na kizunguzungu, uzito wa kufikiri, kuchukia mwanga na kelele, wepesi wa hasira au usingizi uliovurugika. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, na watoto ndani ya wiki nne. Siku moja au mbili za mapumziko zinatosha, kisha shughuli zirudi kwa kiasi, zikipunguzwa pale zinapozidisha dalili; asiendeshe gari wala kunywa pombe hadi awe amepona. Mchezaji asirudi uwanjani siku ileile kwa hali yoyote ile, kwa sababu pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuuvimbisha kwa kasi ya kuua, hasa kwa vijana. Dalili zikidumu kupita muda huo, arudi kwa daktari, na akirudi apeleke maandishi: saa aliyoumia, namna alivyoumia, alitapika lini, dawa anazotumia na dozi zake.

Linabaki suala la warfarini, ambalo ndilo ninaloulizwa zaidi na watu wenye wazee kama baba. Baada ya kuona damu ile kwenye picha, hamu yetu ya kwanza ilikuwa kuitupa dawa hiyo isionekane tena nyumbani. Daktari wa moyo alituzuia. Dawa ile ilikuwa ikimkinga baba na kiharusi, na kuiacha kwa uamuzi wa nyumbani kungemwingiza katika hatari nyingine kubwa. Yeye na daktari wa upasuaji walikaa pamoja, wakapanga muda wa kukaa bila dawa, wakaagiza CT ya kuhakikisha damu imekwisha, na ndipo wakamrudishia dawa ya kundi hilohilo kwa dozi waliyoipima upya. Ukiwa na mgonjwa anayetumia dawa hizi naye ameanguka, usimpe dozi inayofuata wala usiifute moja kwa moja kwa hofu yako: mpeleke hospitali pamoja na dawa zenyewe, na ukitoka huko uwe na jibu la maandishi la lini aanze tena na nani atampima.